Bolti Moja Moja: Maneno ya Kumkumbuka Jimmy Carter

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, na nyinyi vijana mnaosomea ufundi wa maji, habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mhandisi, akavaa sare za jeshi, na uzeeni akawa mtu wa kujitolea. Nani hasa, nichague mwenyewe. Najua mlitarajia nimtaje mmoja wa wazee wa idara yetu, wale waliochimba visima kwa mikono na kulala kwenye maturubai. Wanaostahili wapo, na siku yao itafika. Leo nimekuja na mtu wa mbali, mkulima wa karanga kutoka kusini mwa Marekani. Sababu ya kumchagua ninayo mfukoni hapa, na nitaitoa kabla sijashuka. Mwenye haraka anivumilie.

Jimmy Carter alifariki tarehe 29 Desemba 2024, nyumbani kwake Plains, jimbo la Georgia, akiwa na miaka 100. Tarehe 9 Januari 2025 ibada ya kitaifa ikafanyika katika Kanisa Kuu la Washington, na siku ile ile akarudishwa Plains, akazikwa kwenye uwanja wa nyumba yake kando ya mkewe, Rosalynn. Redio zote zilitangaza kwamba amekufa rais wa 39 wa Marekani. Ni kweli. Ila huo urais ulikuwa wa miaka minne. Toeni minne kwenye mia muone inabaki mingapi. Mimi nataka kusema habari za hiyo iliyobaki.

Urais wenyewe niumalize upesi ili usije ukatusumbua mbele. Aliingia Januari 1977, akatoka Januari 1981. Mwalimu Nyerere alikwenda kumwona Washington Agosti 1977, na mambo ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Kusini mwa Afrika yalikuwa mezani. Septemba 1978 aliwaweka Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli kule Camp David siku 13 mpaka wakatia saini mapatano. Mwaka 1979 akafunga paneli 32 za jua kwenye paa la Ikulu kwa ajili ya kuchemshia maji, na wakati wa aliyemfuata zikateremshwa. Hapo fundi alichungulia kidogo. Lakini pia ndege za jeshi lake ndizo zilizobeba mizigo ya majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyokwenda Kolwezi, Zaire, mwaka 1978, utawala wa Mobutu ukapona, na ndugu zetu wa Kongo wana haki ya kulikumbuka hilo huku mimi nimesimama hapa nikimsifu. Kisha Wamarekani wakashikwa mateka ubalozini Tehran kwa siku 444, na wapiga kura wakamtoa. Basi, yamekwisha.

Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1924. Alikulia Archery, kitongoji cha nje kidogo ya Plains, ambako jirani zake karibu wote walikuwa watu weusi na wenzake wa kucheza ni watoto wao. Nyumba yao haikuwa na umeme wala bomba. Maji yalitekwa kisimani kwa ndoo. Mwaka 1935, kijana ana miaka kumi, baba yake mzee Earl akasimamisha mtambo wa upepo wa kuvuta maji. Bafuni wakatundika kopo lililotobolewa matundu chini, na hilo ndilo likawa bomba la mvua. Umeme ulifika 1938. Nayataja haya kwa kuwa wapo wanaodhani kila Mmarekani huzaliwa akakuta swichi ukutani. Huyu ndoo aliijua. Siku aliposimama kando ya bwawa la kijiji huko Ghana, hakuhitaji kuelezwa kwa nini mama anateka maji yale na kuyapeleka nyumbani.

Alisoma kidogo Georgia Tech, kisha akaingia chuo cha maafisa wa jeshi la majini kule Annapolis. Alihitimu Juni 1946, na mwezi uliofuata akamwoa Rosalynn, msichana wa Plains kama yeye. Waliishi pamoja miaka 77. Jeshini akapelekwa kwenye nyambizi, na mwaka 1952 akaomba kuingia katika kikosi cha Hyman Rickover, aliyekuwa akijenga nyambizi za kwanza za nyuklia. Rickover alikuwa mkali kuliko jiwe la kunolea. Alimhoji zaidi ya saa mbili, akamalizia kwa kumuuliza kama kule chuoni alijitahidi mpaka mwisho wa uwezo wake. Kijana akataka kusema ndiyo, akajirudi, akakiri kwamba hapana, si kila siku. Rickover akageuza kiti akampa mgongo, kisha akamuuliza kwa nini. Mahojiano yakaishia hapo. Kazi aliipata, lakini nadhani lile swali hakulijibu siku ile, na alikaa akilijibu miaka mingi.

Nawaona hapa mbele wazee wangu waliovuka Kagera mwaka 1979. Mtaniambia huyu si askari wa kujivunia, hakusikia hata risasi moja. Sawa. Nisikilizeni habari za Chalk River, kisha mtoe hukumu.

Tarehe 12 Desemba 1952, kinu cha utafiti wa nyuklia kiitwacho NRX, huko Chalk River nchini Kanada, kiliharibika. Baadhi ya fito za urani ziliyeyuka, na mamilioni ya lita za maji yenye mionzi yakajaa ghorofa ya chini. Kinu hakiwezi kuachwa hivyo. Lazima kifunguliwe, kipande kwa kipande, na mikono ya watu. Luteni Carter, umri miaka 28, akatumwa na kikosi chake.

Walichofanya kwanza hakikuwa kuingia. Kwenye uwanja wa tenisi uliokuwa karibu wakajenga mfano wa kinu kile, wenye kila bolti mahali pake. Wakavaa mavazi meupe ya kujikinga, wakafanya mazoezi watatu watatu: kukimbia hadi mahali penyewe, kushika spana, kufungua ulichopangiwa, kutoka. Wakarudia, wakarudia tena. Walipoingia kwenye kinu chenyewe, mtu alikuwa na sekunde 90 hivi, hazizidi, maana katika sekunde hizo mwili ulimeza mionzi ambayo ilihesabiwa kumtosha mtu mwaka mzima. Na kila bolti iliyofunguliwa kule ndani, mwenzake uwanjani ikafunguliwa vilevile, ili wanaofuata wajue kimebaki nini. Carter mwenyewe aliingia, zamu yake ilipofika. Kwa miezi kadhaa baadaye walikuwa wakimpima, na mkojo wake bado ulikuwa na mionzi.

Vijana, sekunde 90. Jaribuni kufungua bolti ya flenji iliyoshika kutu kwa muda huo, glavu mkononi, bila kuidondosha. Mimi nimewahi kushindwa nusu saa nzima, na pale hapakuwa na mionzi, palikuwa na nyigu tu.

Hapo ndipo nilipomwelewa mtu huyu. Kazi ile ilikuwa ya kutisha, lakini hakuna mtu hata mmoja katika kikosi aliyeambiwa "nenda katengeneze kinu." Kila mmoja aliambiwa nenda kafungue bolti ile, ya tatu kutoka kushoto, urudi. Na palikuwa na mtu uwanjani anayehesabu zilizobaki. Shikeni picha hiyo ya mtu anayehesabu. Tutaihitaji.

Julai 1953 baba yake alifariki kwa saratani ya kongosho. Mzee alipokuwa kitandani, watu walipita kumwona, weusi kwa weupe, mmoja baada ya mwingine, wakieleza wema aliowatendea kimyakimya ambao hata mwanawe hakuwa na habari nao. Carter alikuwa na njia iliyonyooka kwenye nyambizi za nyuklia. Akaacha kazi, akarudi shambani. Rosalynn alikasirika hasa. Safari nzima ya gari kurudi Georgia karibu hakumsemesha. Na alikuwa na haki, kwa maana hakushauriwa. Wakapanga kwenye nyumba za serikali za watu wenye kipato kidogo. Mwaka wa kwanza wa kulima, ukame ukawapiga.

Ni wakati huo alipoanza kukaa kwenye kamati zile ambazo hakuna anayezigombania: ya maktaba, ya hospitali, bodi ya shule za wilaya. Wazungu wa Plains walipoanzisha chama chao cha kupinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja, walimfuata ajiunge. Alikataa, na wateja wakasusa ghala lake kwa muda. Sitaki kumpaka rangi ya malaika. Siku hizo shule alizosimamia bado zilikuwa zimetengwa. Lakini kukataa mbele ya wateja wako mwenyewe ni kukataa kwenye gharama.

Sasa turuke hadi 1981. Ametoka Ikulu, ana miaka 56, biashara ya karanga imezama kwenye madeni. Wafanyakazi wake wa Ikulu walipomuuliza zawadi gani ya kumuaga, wakaishia kumchangia vifaa vya useremala. Kwa miaka iliyobaki alitengeneza viti, meza na vitanda kwa mikono yake. Nyumba aliyokaa mpaka kufa ni ile ile aliyoijenga 1961. Kanisa lake pale Plains lilikuwa na sahani za sadaka alizozichonga yeye, na Jumapili alifundisha watu Biblia hadi alipopita miaka 95.

Kilomita kama kumi na tano kutoka Plains upo mji wa Americus, na hapo ndipo lilipoanzia Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba pamoja na watu wa kipato kidogo. Waanzilishi wake, Millard na Linda Fuller, kabla ya kulianzisha mwaka 1976 waliishi Mbandaka, Zaire ya siku hizo, tangu 1973. Walijenga nyumba na wenyeji kwa mpango huu: mwenye nyumba anatoa jasho lake, analipa mkopo usio na riba, na fedha anayolipa inajenga nyumba ya mwingine. Yaani mpango ambao watu wanaujua kama wa Wamarekani, mbegu yake ilitoka Georgia, lakini ulikwenda kuivia kwenye udongo wa Kongo. Sidai chochote, naeleza tu.

Septemba 1984 Carter na mkewe wakapanda basi pamoja na watu wengine wa kujitolea, kutoka Georgia hadi New York, kwenda kukarabati jengo la ghorofa sita lililokuwa limebaki kuta na takataka, ili lichukue familia 19. Walilala kanisani, kwenye vitanda vya deki, kama wenzao. Baada ya hapo, karibu kila mwaka waliitenga wiki moja ya nyundo na msumeno. Mwaka 2002 walikuwa Durban, Afrika Kusini. Kwa jumla nchi 14, na nyumba zilizojengwa au kukarabatiwa katika wiki hizo zinazidi 4,300. Waliofanya kazi naye husema jambo moja bila kutofautiana, kwamba hakupenda kusimamishwa apigwe picha kabla kazi ya siku haijaisha. Picha moja, kisha kila mtu kwenye nyundo yake.

Oktoba 2019, ana miaka 95, alianguka nyumbani kwake Jumapili asubuhi. Akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho. Jicho limevimba, jeusi tii. Jumatatu alikuwa Nashville, Tennessee, na drili mkononi, anatengeneza vipande vya baraza la nyumba ya mtu asiyemjua. Ningekuwa mwanawe ningemfungia ndani.

Haya yote yangetosha. Lakini sikumchagua kwa ajili ya nyumba.

Tuje kwenye mnyoo wa Guinea. Wengi wenu hamjauona, mshukuruni Mungu. Mtu anakunywa maji ya bwawa yenye vidudu vidogo mno, ambavyo jicho huviona kwa shida. Ndani ya vidudu hivyo vimo viluwiluwi vya mnyoo. Tumboni kidudu kinakufa, viluwiluwi vinatoboa na kuingia mwilini, na mtu hana habari. Mwaka mzima hivi unapita. Siku moja mguuni linatoka lengelenge linalowaka kama kaa la moto. Linapasuka, na mnyoo unachungulia, mwembamba kama tambi, urefu wake unaweza kufika mita moja. Ukiuvuta kwa nguvu unakatika, na kidonda kinaharibika. Kwa hiyo unazungushwa kwenye kijiti, sentimita chache kwa siku, wiki baada ya wiki. Mgonjwa akitafuta nafuu anatumbukiza mguu bwawani, na papo hapo mnyoo unamwaga viluwiluwi kwa malaki kwenye maji ya kijiji. Mwaka unaofuata nusu ya kijiji imelala chini, mara nyingi msimu ule ule wa kulima.

Hakuna dawa ya kuuponya. Hakuna chanjo. Mpaka leo.

Fikra ya kuutokomeza haikuwa ya Carter. Aliyeishikilia kwa miaka ni daktari mmoja Mmarekani, Donald Hopkins, na ni haki kumtaja. Kituo cha Carter, kilichoanzishwa Atlanta mwaka 1982, kiliishika kazi hii mwaka 1986. Mwaka huo ilikadiriwa wagonjwa milioni 3.5, katika nchi 21 za Afrika na Asia. Mwaka 1988 Carter alikwenda kijiji cha Denchira, Ghana. Alimwona mwanamke kijana amesimama pembeni, akadhani amepakata mtoto. Akamsogelea ili amsalimu. Alichokuwa amekishika hakikuwa mtoto. Lilikuwa titi lake, limevimba, na mnyoo unatokea kwenye chuchu. Carter aliisimulia siku ile mara nyingi maishani, kila mara kwa maneno machache.

Fundi asiye na dawa afanye nini? Anarudi kwenye maji. Kidudu kile ni kidogo, lakini si kidogo kama bakteria. Kitambaa chenye matundu madogo kinakizuia. Kitambaa cha pamba kinaweza kufanya kazi hiyo, shida ni kwamba kwenye joto na unyevu wa kwetu kinaoza baada ya wiki chache. Carter akaanza kugonga milango ya wenye viwanda. Kampuni ya DuPont ikatoa nyuzi za nailoni zisizooza, kikafumwa kitambaa ambacho mama anakifunga mdomoni mwa mtungi na kumiminia maji juu yake. Kwa wafugaji na wasafiri wakatengeneza kibomba cha plastiki kinachovaliwa shingoni kwa kamba, kina kipande cha kitambaa hicho mwishoni. Ukifika bwawani unapiga magoti, unanyonya. Ikaongezwa dawa ya kuua vidudu bwawani, na mtu wa kijiji mwenyewe wa kusimama pale na kumzuia mwenye kidonda asiingie majini. Nimemaliza kuutaja mtambo wote.

Halafu ikaja hesabu, na hapa rudini kwenye ule uwanja wa tenisi. Kila kijiji kilikuwa na mtu wa kujitolea anayeandika kila mgonjwa, mmoja mmoja, kila mwezi. Kijiji kisicho na mgonjwa nacho kinaleta taarifa: sifuri. Sifuri ilikuwa lazima iandikwe na iletwe, kwa sababu kijiji kilichonyamaza na kijiji kilichopona ukiwa ofisini vinafanana kabisa.

Mwaka 1995 Sudan ilikuwa vitani, na huko ndiko mnyoo ulikuwa umejaa. Carter akakaa na pande zote mbili, wakakubali kusimamisha mapigano ili watu waingie vijijini na vitambaa. Utulivu ule ulidumu karibu miezi sita. Watoto wakachanjwa humo humo, na dawa za upofu wa mtoni zikagawiwa. Wazee wa Kagera, mmeona vita vingapi vikisimama kwa ajili ya mnyoo?

Jirani zetu Uganda, mwaka 1992, walihesabu wagonjwa 126,369. Angalieni ile tisa ya mwisho. Mtu alikwenda akamwandika yule wa mwisho. Mgonjwa wa mwisho Uganda alipatikana 2003, na mwaka 2009 nchi ikathibitishwa kuwa huru. Kenya ikathibitishwa 2018. Sudan Kusini ilikuwa na wagonjwa 20,581 mwaka 2006. Mwaka 2023 walikuwa wawili. Dunia nzima, mwaka huo wa 2023, walikuwa 14. Kutoka milioni 3.5.

Haijaisha, na nisiwadanganye. Lengo la kwanza lilikuwa kumaliza 1995, sasa linasema 2030. Kule Chad mnyoo umeingia kwa mbwa, jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, na mbwa huwezi kumwambia asiingie bwawani. Agosti 2015 Carter alitangaza kwamba ana saratani na imefika kwenye ubongo. Waandishi walipomuuliza anataka nini, alisema angependa mnyoo wa mwisho wa Guinea ufe kabla yake. Aliishi miaka tisa zaidi, na bado mnyoo ukamshinda kwa wachache wale.

Sasa niseme langu.

Miaka ya themanini mwishoni nilifunga pampu ya mkono kwenye kijiji kimoja, kijiji sikitaji. Tulipima maji, tukaweka sakafu ya zege, viongozi wakaja, ngoma ikapigwa, mbuzi akaliwa. Kwenye daftari langu nikaandika "inafanya kazi." Robo iliyofuata nikaandika hivyo hivyo, nikiwa ofisini. Na iliyofuata. Mwaka wa pili gari letu likapita njia ile kwa safari nyingine, nikasema tuchungulie. Mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kamba ya katani ili watoto wasiuchezee. Juu ya sakafu ya zege walikuwa wanaanika mtama. Kilichokufa ni mpira mmoja wa ndani, mdogo kama kifuniko cha chupa, ambao mwenzangu alikuwa nao ndani ya gari siku zote. Mama mmoja akaniambia, bila ukali wowote, "Tulijua mtarudi, baba, ila hatukujua lini." Walikuwa wamerudi bwawani miezi minane. Miezi minane, na daftari langu linasema inafanya kazi.

Baada ya hapo nilipelekwa kwenye mafunzo, nikapangwa chumba kimoja na fundi wa maji kutoka Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Mtu mrefu, mpole, anayekoroma kama trekta. Usiku wa kwanza nilimsimulia habari za ile pampu, sijui kwa nini, labda kwa sababu kulikuwa giza. Yeye hakunipa pole. Akaanza kunitajia wagonjwa wa parokia yake. Kwa majina. Huyu mguu wa kushoto, kifundoni. Huyu goti, mnyoo wa pili. Huyu bibi amepona lakini mjukuu wake ndiyo kwanza lengelenge limetoka. Alitaja thelathini na kitu, hana karatasi. Nikamuuliza anawezaje. Akasema bosi wao akija huwa anauliza mmoja mmoja. Nikamuuliza bosi gani huyo. Akacheka, akasema, "Yule mzee wa karanga. Hajafika kwetu, lakini fomu zake zinafika."

Siku ya kuagana alinipa kitu. Ndicho hiki. Msitegemee makubwa, ni kitambaa cha nailoni, mraba wa kutosha mdomo wa mtungi. Ukingoni kimechakaa, na huu uzi mweusi ni wa mke wangu, alikipinda upya kwa kuwa mweupe ulikuwa umeisha. Mkikinyanyua kuelekea dirishani mtaona mwanga unapita, ila matundu yenyewe hamtayaona. Maji yanayaona.

Nakianzisha hapa mbele kwa wazee. Kizunguke hadi kule nyuma, kila mtu akishike. Mwenye kalamu aiweke mbali, wino hautoki. Na nyinyi wa safu ya mwisho, nitakaa mlangoni pale nikikisubiri.